UZI (Agosti 2025): Biolojia ya S6, pepa ya pili inanimaliza. Likizo ni hii tu, nianzie wapi?

S6_Malaba
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko S6 (mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu Uganda), nasoma PCB (fizikia, kemia, biolojia) na hisabati ndogo. Shuleni simu hairuhusiwi, kwa hiyo nina likizo hii ya Agosti tu ya kuwauliza. Majibu ya moki (mtihani wa majaribio) yametoka: pepa ya kwanza 68, ya tatu 61, ya pili 34. Na hiyo ya pili ndiyo ninayoisomea kuliko zote! Daftari nimelisoma mpaka kurasa zinachomoka. Niamshe usiku wa manane uniulize hatua za mzunguko wa Krebs, nitakutajia moja baada ya nyingine. Sasa 34 inatoka wapi?

Wenye ushauri wa "soma kwa bidii" naomba wapite kimya kimya. Hilo nimeshaambiwa na kila mtu nyumbani, hadi jirani.

KaseseBoy
Pole dogo. Panda taksi uende Kampala, pale Wandegeya kwenye maduka ya fotokopi wanauza pamfleti za maswali ya UNEB (baraza la mitihani) ya miaka ya nyuma pamoja na majibu yake. Nunua, kariri. Mimi nilisoma BCM (biolojia, kemia, hisabati), nilizikariri zile pamfleti na B yangu nikaipata. Maswali yanajirudia. Mambo ya "kuelewa kwa kina" waachie maprofesa wa Makerere.

Mzazi_Busia
Nafuatilia. Wa kwangu naye yuko S6, na bei ya pamfleti imeshanitosha.

MwalimuWestNile
KaseseBoy, B yako siikatai. Lakini tusimpe mtoto dawa kabla ya kujua anaumwa nini.

S6_Malaba mwanangu, zitazame alama zako. Pepa ya kwanza ina maswali 40 ya kuchagua, halafu sehemu ya pili ya maswali yenye nafasi za kujaza majibu mafupi. Pale anayejua mada anavuna, na wewe umevuna. Pepa ya pili ni jambo jingine kabisa. Saa mbili na nusu. Swali la kwanza ni la lazima na lina alama 40 peke yake. Baada ya hapo unachagua maswali matatu kati ya matano, kila moja alama 20. Lile swali la kwanza ni majedwali na grafu, mara nyingi za jaribio ambalo hujawahi kuliona darasani. Jibu lake halimo kwenye daftari lako wala la mwalimu wako. Kwa hiyo anayejiandaa kwa kusoma daftari tu anajiandaa kwa alama 60.

Niambie: swali la kwanza ulipata ngapi?

S6_Malaba
Shikamoo mwalimu. Nilipata 9 kati ya 40. Grafu nilichora vizuri, karibu alama zote hizo ni za grafu. Kwenye maelezo mwalimu wetu ameandika kwa wino mwekundu "sababu iko wapi?" kila mahali.

Mulago_Mwaka3
Banange, mwalimu wako amekupa ugonjwa na dawa kwa maneno matatu.

MwalimuWestNile
Haya, tufanye kazi hapa hapa. Chukua jedwali hili la himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya mama na ya mtoto aliye tumboni. Kwenye shinikizo la oksijeni la kPa (kilopaskali) 2, ya mama imejaa oksijeni kwa asilimia 18, ya mtoto 34. Kwenye kPa 4, mama 58, mtoto 77. Kwenye kPa 10, mama 94, mtoto 98.

Swali (a): elezea jinsi viwango hivi vinavyobadilika. Alama 4. Swali (b): toa sababu za tofauti kati ya mama na mtoto. Alama 6.

Usifungue kitabu. Andika hapa, wote tuone.

KaseseBoy
Hahaha mwalimu, hili mbona limo kwenye pamfleti! Mama na mtoto, ukurasa wa mwanzo kabisa.

MwalimuWestNile
Limo. Mwaka mwingine wataleta lama wa milima ya Andes na mnyama wa tambarare, au mnyoo anayeishi kwenye tope lisilo na hewa. Aliyekariri mama na mtoto ataandika kondo la nyuma kwenye jibu la mnyoo. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo shuleni kwangu, na mtoto aliyeandika alikuwa na mwandiko mzuri sana.

S6_Malaba
(a) Himoglobini ya mtoto inabeba oksijeni nyingi kuliko ya mama. (b) Ni kwa sababu mtoto anakua na anahitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo himoglobini yake ina mvuto mkubwa kwa oksijeni ili aweze kuipata kutoka kwa mama.

MwalimuWestNile
(a) alama 1. (b) alama 1. Usikasirike, ngoja nikuonyeshe.

Kwenye (a) umeniambia jambo moja ambalo hata mtoto wa P7 (darasa la saba) angeliona. Hujasema kwamba zote mbili zinapanda shinikizo linapoongezeka. Hujasema kwamba zinapanda kwa kasi kati ya kPa 2 na 4, kisha polepole kuelekea 10. Hujasema pengo ni kubwa chini na katikati, 16 na 19, halafu linabaki 4 tu juu. Na hujaandika tarakimu hata moja, wakati jedwali liko mbele yako. Swali la kuelezea linataka macho yako tu, sababu hazitakiwi kabisa. Watoto wengi hufanya kinyume: wakiulizwa wanaona nini wanatoa sababu, wakiulizwa sababu wanarudia walichokiona.

Kwenye (b) kuna kosa linalokula alama za Uganda nzima. "Kwa sababu mtoto anahitaji." Kuhitaji si sababu! Mimi nahitaji gari, mbona sina? Mtahini anataka kujua ni kitu gani ndani ya ile molekuli kinachofanya ishike oksijeni kwa nguvu zaidi. Vivyo hivyo kwa mmea "unaohitaji mwanga" na ngamia "anayehitaji maji". Ukijikuta unaandika neno "anahitaji" au "ili aweze", simamisha kalamu ujiulize: inatokeaje?

Mulago_Mwaka3
Naongezea utaratibu wenyewe, mdogo wangu. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini, miwili ya alfa na miwili ya beta. Ya mtoto tumboni ina miwili ya alfa na miwili ya gama. Ndani ya chembe nyekundu kuna kemikali inaitwa 2,3-BPG ambayo hujishikiza kwenye himoglobini na kuifanya iachie oksijeni kirahisi. Minyororo ya gama haiishiki kemikali hiyo vizuri kama ya beta. Kwa hiyo himoglobini ya mtoto inabaki na mvuto mkubwa, na mkunjo wake kwenye grafu unakaa kushoto.

Halafu ongeza kaboni dioksidi. Kwenye kondo, mtoto anatoa kaboni dioksidi inaingia kwenye damu ya mama. Damu ya mama inakuwa na asidi zaidi, mkunjo wake unasogea kulia, inaachia oksijeni. Wakati huo huo damu ya mtoto imepoteza kaboni dioksidi, mkunjo wake unasogea kushoto, inashika oksijeni. Mambo mawili yanatokea mahali pamoja na yote yanasukuma oksijeni upande mmoja. Ukiandika hivyo hakuna mtahini wa kukunyima.

Na umbo la S la mkunjo wenyewe usilipite bila kulisemea. Oksijeni ya kwanza ikishika, umbo la molekuli nzima linabadilika, zinazofuata zinaingia kwa urahisi. Ndiyo maana kasi iko pale kati ya 2 na 4.

S6_Malaba
Haya yote ninayo kwenye daftari!! Gama, BPG, umbo la S, yote. Sikujua kwamba ndiyo yalikuwa yanaulizwa.

MwalimuWestNile
Hapo ndipo ninapotaka ufike. Daftari lako halina shida. Kuanzia leo usilisome tena ukiwa umelala kitandani. Chukua swali la kwanza la pepa ya zamani, weka saa, lijibu kwa dakika 60 bila kufungua chochote. Ukimaliza ndipo ufungue daftari na ujisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Pamfleti ya KaseseBoy itakusaidia hapo, kwa sababu ina maswali. Majibu yake yafunike. Mengi nimeyaona yana makosa, yamenakiliwa kutoka nakala ya nakala.

KaseseBoy
Ah mwalimu, unanitusi kistaarabu. Lakini kuhusu makosa unasema kweli, moja ilikuwa na moyo wa chura wenye vyumba vinne.

BintiBombo
😂😂 vinne, wakati ana vitatu! Masikini chura wa watu.

FundiMaabara
Nimesoma uzi wote, na hakuna aliyegusa pepa ya tatu kwa sababu mtoto kapata 61. Mimi ni fundi wa maabara ya shule. 61 ni alama ya mtu anayeweza kupata 80 bila kuongeza akili yoyote, aongeze usafi tu.

Saa tatu na dakika 15, maswali matatu, yote ya lazima. Kuna kupasua, kuna majaribio ya vimiminika, kuna kutambua na kupanga viumbe. Wanaopasuliwa ni wale wale: chura, mende, panya.

Chura analazwa chali. Ngozi inafunguliwa kwanza peke yake, ndipo ukuta wa misuli. Na kwenye huo ukuta mkasi usipite katikati kabisa, kwa sababu upande wa ndani umepita mshipa wa vena wa tumbo. Ukiukata, trei inajaa damu na kila ulichotakiwa kuonyesha kinazama. Kata pembeni kidogo ya mstari wa kati, ncha ya mkasi ikitazama juu. Ukifika kifuani usiogope mifupa, kata pande zote mbili uiondoe, moyo utauona. Mende anafunguliwa kwa mgongoni, ndani ya maji, ili viungo vielee vitengane. Kila mwaka naona mtu anapasua mende mkavu halafu analalamika kwamba utumbo umemkatikia.

Mchoro: penseli, mstari mmoja usio na manyoya, hakuna kivuli, mistari ya majina inachorwa kwa rula na haikatani. Kichwa cha mchoro kiseme ni mnyama gani, ametazamwa upande gani, na viungo gani vimeonyeshwa. Chora kilichomo kwenye trei yako. Mchoro wa kitabuni tunaujua sote, na mtahini anaujua zaidi.

Kwenye vimiminika alama zinapotea kizembe mno. Umeweka Benedikti (kemikali ya kupimia sukari), umechemsha, hakuna kilichotokea, unaandika "hakuna mabadiliko". Alama hakuna! Andika: mmumunyo wa buluu ulibaki buluu. Kama kumetokea kitu, anza na rangi ya mwanzo: buluu, ikawa kijani, ikawa njano, ikawa mashapo ya rangi ya chungwa. Iodini ya kahawia ikawa nyeusi yenye ubuluu, basi wanga upo. Biureti buluu ikawa zambarau, protini ipo. DCPIP buluu ikapotea rangi, vitamini C ipo. Na wakikupa kimeng'enya kilichochemshwa pembeni ya kibichi, huo ni mlinganisho. Umewekewa uone kwamba joto limekiharibu, na lazima useme hivyo kwenye hitimisho.

Mzazi_Busia
Fundi, huyu wangu yuko nyumbani likizo na maabara imefungwa. Afanye nini? Jikoni kwangu asiniletee mende.

FundiMaabara
Hahaha mama, mende waache. Mpe viazi mviringo. Akate vipande vya urefu sawa, kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi kidogo, kingine chumvi nyingi. Baada ya saa moja apime tena, achore grafu, aandike sababu za osmosisi. Halafu mpe panzi, jani la maharage, jani la muhindi na ua lolote, atengeneze ufunguo wa kuvitambua. Kila hatua ya ufunguo iwe na sifa mbili zinazopingana na zinazoonekana kwa macho: mishipa ya jani iliyo sambamba, au mishipa iliyo kama wavu. "Kubwa" na "ndogo" zinakataliwa.

Mzazi_Busia
Asante sana fundi. Viazi vipo.

BintiBombo
Naomba kuuliza kwa ajili yangu na mimi. Jenetiki ya pepa ya pili huwa naikimbia, nachagua maswali ya ikolojia na fiziolojia. Ni vibaya?

Mulago_Mwaka3
Si vibaya, ila dada, unakimbia maswali ambayo jibu lake halina ubishi. Kwenye insha mtahini anaweza kukupa 11 au 14. Kwenye mseto wa jeni ukipatia umepatia.

Nikupe moja ya kwetu kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa selimundu uliopima damu ya watoto wadogo Uganda, uliochapishwa 2016, ulikuta asilimia 13.3 ni wabebaji, yaani wana aleli (toleo la jeni) moja ya selimundu, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Sasa tumia kanuni ya Hardy na Weinberg, inayokadiria wabebaji na wagonjwa kutokana na kiwango cha aleli. Chukua watoto 1,000, wana aleli 2,000. Wabebaji 133 wanachangia aleli 133, wagonjwa 7 wanachangia 14. Jumla 147 kati ya 2,000, yaani q, kiwango cha aleli hiyo kati ya zote, ni 0.0735. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata 0.0054. Kwa hiyo tungetegemea wagonjwa 5 kwa kila 1,000. Lakini waliopatikana ni 7. Kwa nini?

KaseseBoy
Makosa ya kupima.

BintiBombo
Au kwa sababu kanuni inadhani kila mtu anaweza kuoana na yeyote nchi nzima? Lakini watu wa Lango wanaoana zaidi na wa Lango, wa Ankole na wa Ankole.

Mulago_Mwaka3
Na unasema unaikimbia jenetiki! Hilo ni jibu zuri. Aleli hii ni nyingi kaskazini na mashariki, ni chache kusini-magharibi. Ukichanganya maeneo yenye viwango tofauti ukayahesabu kama jamii moja, wenye aleli mbili wanazidi matarajio na wabebaji wanapungua. Wabebaji tungetegemea 136, wamepatikana 133. Pengine si sababu pekee, maana na namna sampuli zilivyopatikana ina athari zake, lakini mtahini akiuliza masharti ya kanuni, hapo umemtajia sharti na mfano wake.

Na akiuliza kwa nini aleli mbaya hivyo haijaisha, mtaje Anthony Allison. Mwaka 1954 alichapisha takwimu za watoto wa Kiganda wa karibu na Kampala, akaonyesha kwamba wabebaji walikutwa na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Ushahidi ulichukuliwa hapa hapa, na watoto wetu wanajibu kwa "sehemu fulani za Afrika".

MwalimuWestNile
Naunga mkono. Hata ikolojia ni hivyo hivyo. Una Ziwa Victoria hapo: sangara aliingizwa katikati ya karne iliyopita, samaki wengi wadogo wa asili wakapotea. Gugumaji likafunika ziwa, mwanga haufiki kwa mimea midogo ya majini, majani yakioza yanakula oksijeni. Miaka ya 1990 wakaleta fukusi wa Neochetina wanaolila. Ushindani, uwindaji, udhibiti wa kibiolojia, vyote ziwa moja. Mtoto anaacha hayo anaandika sungura na paka-mwitu wa Kanada.

BintiBombo
Mwalimu, na huu mtaala mpya? Nasikia pepa zinabadilika. Tusije tukawa tunajiandaa na kitu ambacho hakipo.

MwalimuWestNile
Mtaala uliorekebishwa umeanza na S5 walioingia mwaka huu wa 2025, ambao ndio waliofanya UCE (mtihani wa mwisho wa S4) ya kwanza ya mtaala mpya mwaka 2024. Ninyi S6 wa 2025 bado mko kwenye P530 (mtihani wa biolojia) ya zamani mliyoizoea. Ndiyo maana sitaki mtu aseme "nikifeli nitarudia". Wa nyuma yenu wanafundishwa kwa namna nyingine, ukirudi utakuta darasa si lile uliloliacha.

S6_Malaba
Nimejaribu tena, bila kufungua kitu.

(a) Kujaa kwa himoglobini zote mbili kunaongezeka shinikizo la oksijeni linapoongezeka. Kunaongezeka kwa kasi kutoka kPa 2 hadi 4, mama kutoka asilimia 18 hadi 58, mtoto kutoka 34 hadi 77, kisha polepole hadi 94 na 98. Ya mtoto iko juu kwenye kila shinikizo. Tofauti ni kubwa zaidi kwenye 4 na ndogo zaidi kwenye 10.

(b) Himoglobini ya mtoto ina minyororo ya gama badala ya beta, ambayo haishiki vizuri 2,3-BPG, kwa hiyo mvuto wake kwa oksijeni ni mkubwa na inajaa hata shinikizo likiwa dogo kama kwenye kondo. Mtoto anapotoa kaboni dioksidi, damu ya mama inakuwa na asidi na mvuto wa himoglobini yake unapungua, inaachia oksijeni, na mvuto wa ile ya mtoto unaongezeka.

MwalimuWestNile
(a) 4 kati ya 4. (b) 5 kati ya 6. Hukueleza kwa nini kwenye kPa 10 tofauti karibu inakwisha: shinikizo likiwa kubwa, nafasi za kushika oksijeni karibu zote zimejaa kwa mama na kwa mtoto, kwa hiyo mvuto mkubwa hauna tena cha kuongeza.

Jedwali la kesho. Muhindi na mharage, kasi ya usanisinuru kwenye nyuzi joto 20, 30 na 40. Muhindi: 14, 26, 30. Mharage: 16, 19, 9. Tarakimu nimezitunga mwenyewe, usizitafute kwenye pamfleti. Elezea, kisha toa sababu. Na neno "unahitaji" nisilione.